Utangulizi: Kuandika Miongozo ya Amri za Huduma katika Linux

Fani ya kuandika miongozo ya amri haina sifa kubwa mjini. Aliyetunga programu hutajwa. Aliyeeleza namna ya kuitumia hukumbukwa siku maelezo yanapokosekana, tena saa nane za usiku, huduma imezimika na simu haziishi kuita. Karibu hata hivyo, uwe mwanafunzi wa kompyuta, msimamizi wa seva au mwandishi tu mwenye jicho kali. Mfano wetu ni systemctl, amri inayowasha, kuzima na kuchunguza huduma katika mifumo mingi ya Linux.

Nasaba ya kazi hii inajulikana. Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotayarishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs, una tarehe ya 3 Novemba 1971. Kurasa zake zilikuwa na mpangilio mmoja: jina la amri, muhtasari wa namna ya kuiandika, maelezo, mafaili yanayohusika na, ninachokipenda kuliko vyote, sehemu ya kasoro zinazojulikana. Ukiandika leo man systemctl utaitambua mifupa hiyo, ingawa sehemu ya kasoro haimo.

Amri ya systemctl ni sehemu ya systemd, programu ya kusimamia huduma ambayo Lennart Poettering aliitangaza mwaka 2010. Fedora 15 ikaipokea mwaka 2011, Debian 8 ikafuata mwaka 2015. Kabla yake huduma nyingi ziliendeshwa kwa skripti zilizowekwa ndani ya /etc/init.d, na aliyetaka kujua kwa hakika skripti inafanya nini aliifungua akaisoma. Ilipokuja zana moja ya kusimamia huduma zote, mzigo wa kueleza nao ukahamia mahali pamoja. Ugomvi uliozuka juu ya systemd hatuugusi hapa. Mwenye hamu nao atasoma mpaka achoke.

Sasa tuingie ndani. Kueleza chaguo la amri ni kueleza mipaka yake: linagusa nini, lini, na kipi haligusi. Chukua enable, ambayo ni amri ndogo ndani ya systemctl. Mgeni akiandika systemctl enable nginx, huduma haiwaki papo hapo. Ameiandikisha tu ili iwashwe mashine itakapowaka tena. Kuiwasha sasa hivi ni kazi ya start. Vivyo hivyo disable huifuta huduma kwenye orodha ya kuwashwa, lakini iliyokwisha kuwaka huendelea na kazi yake. Ndiyo maana likawekwa chaguo la --now. Mwongozo unaeleza kwamba likiandamana na enable, huduma itawashwa pia. Likiandamana na disable, au na mask inayozuia huduma isiwashwe kabisa, itasimamishwa pia. Kisha inakuja sentensi ambayo mwandishi mvivu angeiruka: kuwasha au kusimamisha huko hufanyika pale tu hatua ya kwanza ilipofaulu. Hiyo ndiyo inayomwambia msimamizi atarajie nini mambo yakienda kombo. Bila hiyo angebaki kubahatisha.

Kazi huwa ngumu zaidi chaguo moja linapobeba maana kadhaa. --force ikiwekwa na enable, hufuta viungo vinavyogongana na kuweka vipya. Ikiwekwa na edit, huunda faili la huduma ambayo bado haipo. Ikiwekwa na reboot, mashine huwashwa upya bila kusubiri huduma zifungwe kwa utaratibu: michakato huuawa kwa nguvu, ila mifumo ya mafaili huondolewa kwanza au huachwa ya kusomwa tu. Ukiiandika mara mbili, hata hayo hayafanyiki, na data ambayo haijafika kwenye diski inaweza kupotea. Mtu angeweza kuandika kwamba --force “hulazimisha amri itekelezwe” akaona amemaliza. Hilo ni kosa la kila siku katika fani yetu, kulirudia jina la chaguo kwa maneno mengi zaidi. Binafsi naona walioipa --force kazi zote hizo walimtwisha mwandishi mzigo usio wake, lakini mwandishi hapangi programu iweje. Anaieleza ilivyo, na neno la hatari analiweka mapema, kabla msomaji mwenye haraka hajafika kwenye kibonyezi.

Mambo ya ufundi yana nafuu. Kurasa za systemd huandikwa katika XML ya DocBook, na machaguo yanayotumiwa na zana nyingi, kama --help na --no-pager, huelezwa mara moja katika faili la pamoja, kisha huingizwa kwenye kila ukurasa unaoyahitaji. Kumbuka tu kwamba chaguo jipya haliishii kwenye mwongozo: kuna matini ya --help, na kuna mafaili yanayoisaidia bash na zsh kukamilisha amri. Ukisahau mojawapo, zana moja itamwambia mtumiaji mambo mawili.

Pa kuanzia ni mashine ya majaribio, si seva ya kazini. Chagua huduma isiyo na umuhimu, iwashe kwa enable --now, kisha iondoe kwa disable peke yake. Iulizie kwa is-enabled, halafu kwa is-active, na uandike ulichokiona kwa sentensi mbili. Zikishakamilika, ndipo ufungue mwongozo uzilinganishe na zake.