Kukodi gari la sikukuu Dodoma: bei ya siku si bei ya safari

Wenye magari ya kukodisha mjini Dodoma wana misimu miwili ya mavuno. Wa kwanza ni ule wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, ambapo maofisa, wageni wa wizara na watu wa semina hugombea kila gari lenye kiyoyozi. Wa pili ni mfupi lakini mkali zaidi, nao ni zile siku chache kabla ya Krismasi, wakati familia zilizohamia makao makuu zinapofunga mizigo kwenda Moshi, Rombo, Arusha, Singida, Iringa au Dar es Salaam.

Tofauti ya misimu hiyo miwili ndiyo siri ya kwanza ya bei. Mteja wa msimu wa Bunge mara nyingi ni ofisi. Hukubali bei ya juu, lakini malipo hupita mikononi mwa wahasibu na yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Mteja wa Desemba ni baba au mama wa familia mwenye fedha taslimu. Kwa mwenye gari anayesubiri hati zake za madai zilipwe, huku ada za shule za Januari zikikaribia, fedha taslimu ina uzito kuliko tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye karatasi. Mteja anayelijua hilo na kufika mapema, kabla ya Desemba kufika katikati, anazungumza bei akiwa na nguvu. Anayefika tarehe 21 anapangiwa bei.

Kuna jambo jingine linalomsaidia anayewahi. Semina na warsha za ofisi hupungua sana mwezi unapokaribia kwisha, na magari yanayoishi kwa kazi hizo husimama. Kati ya kazi za ofisi kupungua na wasafiri wa sikukuu kujaa, mara nyingi hupatikana siku chache za ukimya sokoni. Ndizo siku za kuweka ahadi na kulipa sehemu ya fedha, kwa stakabadhi.

Pasaka ni habari nyingine. Inapoangukia Aprili, hukutana na wabunge wakiwa mjini, na hapo familia hushindana na ofisi kwa magari yale yale. Idi hutegemea mwandamo wa mwezi, hivyo wenye magari hawapendi kufunga ahadi ya tarehe kamili. Lakini kwa wanaokwenda Kondoa, kilomita zipatazo 160 tu kutoka Dodoma, gari la kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hutosha, na hakuna gharama ya kulaza gari wala dereva.

Hesabu ya Noah moja

Kosa linalowagharimu wengi ni kulinganisha bei ya siku badala ya kulinganisha safari nzima. Tuchukue familia ya watu sita ya Area C inayokwenda Moshi kwa siku kumi, kwa gari aina ya Noah pamoja na dereva. Kutoka Dodoma kupitia Kondoa, Babati na Arusha ni karibu kilomita 510, yaani kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,020. Tarakimu zifuatazo za fedha ni za kufanyia hesabu tu, si bei za soko.

Mwenye gari wa kwanza anataka sh. 120,000 kwa siku bila mafuta. Kwa siku kumi ni sh. 1,200,000. Gari likila lita moja kwa kilomita 10, safari itahitaji lita 102. Lita ikiwa sh. 3,000, mafuta ni sh. 306,000. Posho ya dereva ikiwa sh. 20,000 kwa siku, ni sh. 200,000 nyingine. Jumla ni sh. 1,706,000, na bado dereva hajapatiwa mahali pa kulala wala gari halijazunguka kwenda Marangu kwa shangazi.

Mwenye gari wa pili hataki habari za siku. Anasema atawafikisha na kurudi zake, kisha atakuja kuwachukua, sh. 900,000 kila safari, mafuta na dereva juu yake. Jumla ni sh. 1,800,000. Kwa haraka anaonekana ghali kwa sh. 94,000. Lakini mteja akitazama vizuri ataona kuwa bei hiyo inalipia kilomita 2,040, kwa sababu gari litarudi Dodoma tupu na kwenda tena Moshi tupu. Mafuta peke yake yatakuwa sh. 612,000. Hapo ndipo penye nafasi ya kupunguziwa, maana kila kilomita ambayo gari linakwenda tupu ni hasara inayotafuta mtu wa kuibeba.

Akipatikana abiria wa kutoka Moshi au Arusha kuja Dodoma tarehe 22, mwenye gari ana kila sababu ya kushusha bei. Kwa hiyo mteja aulize waziwazi kama gari lina mzigo wa kurudi. Familia mbili za mtaa mmoja zikipanga tarehe zao ili gari linaloshusha moja lichukue nyingine, zinaweza kugawana punguzo ambalo familia moja isingelipata. Vile vile, gari la Moshi au Arusha lililoleta wageni Dodoma na linalotaka kurudi kwao huweza kuwa nafuu kuliko gari la Dodoma, kwa kuwa lingerudi tu hata bila abiria.

Kwa kawaida basi, kukaa na gari kunalipa kama safari ni fupi kwa siku na gari litafanya kazi kweli huko liendako. Kwa anayekwenda kukaa nyumbani siku nane akila nyama na kusalimia majirani kwa miguu, gari lililosimama chini ya mgomba ni fedha inayoungua.

Katika hesabu yoyote, bei ya mafuta isikisiwe. EWURA hutangaza bei kikomo za kila mji Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei ya Dodoma huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za kusafirisha. Ahadi iliyofungwa Novemba kwa safari ya Desemba 23 itakutana na tangazo jipya katikati. Mkataba useme nani atabeba ongezeko, na nani atafaidi bei ikishuka.

Treni na basi kama kipimo

Anayekwenda upande wa mashariki ana kipimo kipya cha bei tangu treni ya reli ya kisasa ya SGR ilipoanza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa sh. 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Wazazi wawili na watoto watatu wa umri huo hufika Dar es Salaam kwa sh. 108,500. Gari la mfano wetu, kwa kilomita zipatazo 450 za barabara, litakula mafuta ya sh. 135,000 kabla ya kulipia gari lenyewe. Kwa safari hiyo ni vigumu kwa gari la kukodi kuishinda treni, isipokuwa mizigo ni mingi au kuna mgonjwa. Busara ni kukata tiketi mapema, kwani nazo huisha, na kukodi gari hukohuko Dar es Salaam kwa siku zile tu linapohitajika.

Kaskazini hakuna treni ya namna hiyo kutoka Dodoma, na mshindani wa gari la kukodi ni basi la stendi ya Nzuguni. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku na mchana, baada ya miaka mingi ya marufuku ya usiku. Hilo liliongeza njia za kusafiri, ingawa tiketi za siku za mwisho bado ni za kugombania. Mteja mwenye nauli ya basi ya watu wake wote kichwani, kwenda na kurudi, anajua wapi pa kusimama anapotajiwa bei ya Noah.

Lami iliyokamilika ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, nayo ilibadilisha aina ya gari linalohitajika. Kabla ya hapo wengi waliona heri kuzunguka kupitia Singida, na aliyepita Kondoa alitaka gari la juu. Leo gari dogo linafika Moshi au Iringa bila shida, na hakuna sababu ya kulipia Prado kwa ajili ya lami. Tatizo ni zile kilomita chache za mwisho. Desemba ndiyo mwanzo wa masika ya nyanda za kati, na makorongo ambayo kwa miezi saba yalikuwa mchanga mtupu hugeuka mito kwa saa moja. Anayekwenda vijiji vya ndani vya Chemba, Mpwapwa au Mvumi, au anayetaka kuwaonyesha watoto michoro ya miambani ya Kolo, aseme hivyo kabla ya bei kupangwa. Ni afadhali kukodi gari la juu kwa siku hiyo moja kuliko kulikodi kwa safari nzima.

Namba za njano

Kila Desemba hujitokeza gari la bei ya chini kuliko mengine yote. Kwa kawaida ni gari safi la mtu binafsi, lenye namba za rangi ya njano badala ya nyeupe za biashara, na dalali anasema mwenyewe hana matumizi nalo kwa wiki hiyo. Unafuu wake una maelezo. Mwenyewe hakulipia leseni ya LATRA ya kubeba abiria kwa malipo, hakulipa bima ya gari la biashara, wala hatoi risiti ya EFD.

Hasara ya mteja huanzia barabarani. Trafiki wanaweza kulisimamisha gari na safari ikaishia hapo, familia na mabegi kando ya njia. Lakini hilo ni dogo. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haihusu kubeba abiria wa kulipa, na gari likipinduka kwenye kona za Kondoa, kampuni ya bima ina sababu mkononi ya kukataa madai. Hapo mwenye gari atamtazama mteja, mteja atamtazama mwenye gari, na bili ya hospitali haimsubiri yeyote kati yao. Akikosekana mtu wa kulipa, sh. 200,000 zilizookolewa hazitatosha hata siku ya kwanza wodini.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Mteja achukue namba ya gari na kuangalia kwenye mfumo wa mtandao wa TIRA kama bima iko hai, ni kubwa au ndogo, na inaisha lini. Bima ndogo humlinda mtu wa tatu tu. Gari lenyewe likiharibika, mwenyewe hana pa kudai isipokuwa kwa aliyelikodi. Aliyekodi gari la kuendesha mwenyewe aulize zaidi kama bima inaruhusu gari kukodishwa, na ni kiasi gani cha hasara kitabaki juu yake kabla ya kampuni kulipa. Kwa gari lenye dereva, leseni ya dereva iwe ya daraja C, ambalo ndilo la kubeba abiria.

Kuhusu kodi, makampuni yaliyosajiliwa kwa VAT hutoza asilimia 18. Bei ya sh. 120,000 “bila VAT” ni sh. 141,600, na hilo liulizwe mwanzo kabisa.

Makabidhiano

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha ukiwa na mambo yenyewe: tarehe na saa ya kuchukua na kurudisha, kiasi cha mafuta kwenye tanki, usomaji wa kilomita, kikomo cha kilomita kwa siku kama kipo, amana na siku ya kuirudisha, na gari la badala kama hili litaharibika njiani. Kifungu hiki cha mwisho husahauliwa sana, nacho ndicho kinachohitajika pale Babati saa moja usiku. Spea, jeki, pembetatu na kizima moto vionekane kwa macho, na kila mkwaruzo upigwe picha mbele ya mwenye gari.

Namba ya gari iangaliwe pia kwenye mfumo wa polisi wa makosa ya barabarani, mara mbili: asubuhi ya kuondoka na siku ya kurudisha. Faini ni sh. 30,000 kwa kosa, na huandikwa kwenye gari. Deni likijitokeza wiki mbili baadaye, karatasi ya makabidhiano yenye tarehe, saa na sahihi mbili ndiyo itakayoonyesha kama siku hiyo gari lilikuwa la mteja au lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.