Kifua cha mtoto kinachorudi: Si kimeo, wala hakubemendwa

Huku kwetu Kibiti na delta ya Rufiji, mtoto mchanga akikohoa wiki nyingi bila kunenepa, maneno mawili hutangulia kabla ya zahanati. La kwanza ni kimeo, akatwe. La pili ni zito zaidi: mtoto kabemendwa, yaani mzazi mmoja katoka nje ya ndoa. Mama huona aibu kwenda kliniki, na mtoto anazidi kudhoofu.

Tuseme wazi. Kukata kimeo hakutibu mapafu, bali kwaweza kuleta kutokwa damu nyingi na pepopunda. Na kumtuhumu mwenzio zinaa kwa sababu ya uzito wa mtoto ni dhulma kubwa katika dini yetu.

Nimonia ikirudi mara kwa mara, muulize tabibu: kwa nini inarudi? Huenda ni moshi wa kuni, pumu, kifua kikuu, VVU, selimundu, tundu la moyo, au maziwa kupalia mapafuni. Ipo pia sababu adimu inayosahaulika kirahisi: sistiki faibrosisi. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini watoto weusi nao huzaliwa nayo.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao kwa kawaida ni wazima. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Makohozi huwa mazito kama gundi, vijidudu hujificha humo, na kifua hurudi baada ya dawa kwisha. Kongosho nayo huziba, mafuta ya chakula yasisagwe.

Dalili zake: ukimbusu mtoto ngozi ina chumvi, choo ni kingi, cha mafuta na chenye harufu kali, ananyonya sana lakini haongezeki. Hupimwa kwa chumvi ya jasho, njia inayotumika tangu 1959. Ukiziona, beba kadi ya kliniki na uombe rufaa kwa daktari bingwa wa watoto, hata ikibidi Muhimbili.

Mtoto akithibitika kuwa nao, shikeni haya:

1. Dawa ya vijidudu imalizwe siku zote alizoandikiwa, hata akichangamka.

2. Jifunzeni kwa mtaalamu namna ya kumtoa makohozi, mfanye kila siku.

3. Aendelee kunyonya, na apewe dawa ya kusaga chakula kila mlo akiandikiwa. Joto letu humpotezea chumvi nyingi, hivyo muulizeni daktari kiasi cha kumwongezea.

4. Asikae jikoni penye moshi, wala asivutiwe sigara. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba. Chanjo ya nimonia akamilishe wiki ya 6, 10 na 14.

5. Akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari; miezi 2 hadi 12, ni 50.

Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, akilegea au akipata degedege, mwahi hospitali saa hiyo hiyo. Aliyeko Mbuchi au Maparoni akumbuke kuwa boti husubiri maji kujaa. Pumzi zikianza kwenda mbio, aanze safari.