Uvimbe wa chini ya fuvu si saratani, ila hubana neva

MKAZI wa Thika au Ruiru anayeumwa na kichwa kwa miezi mingi, huku sikio moja likipoteza uwezo wa kusikia au upande mmoja wa uso ukifa ganzi, hapaswi kutegemea dawa za maumivu pekee.

Huenda, ingawa si jambo la kawaida, ana kifuko kilichoota kwenye kitako cha fuvu. Aina iitwayo epidamoidi hutokana na chembechembe za ngozi zilizonaswa humo angali tumboni mwa mamake. Si saratani, lakini hukua polepole na kubana neva.

Katika picha ya CT, kifuko hicho hufanana na majimaji ya ubongo. MRI ndiyo hukibainisha. Upasuaji wa aina hii hufanywa katika hospitali kubwa za rufaa, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi.

Daktari huondoa yaliyomo, kisha hubandua ganda. Likiwa limeng'ang'ania neva, kipande huachwa makusudi, kwani kulivuta kwaweza kupoozesha uso. Kwa hivyo uvimbe waweza kurejea, na mgonjwa hana budi kupigwa picha kwa miaka mingi.