ALIKUWA NA AKILI TIMAMU? ELIMU YA SAIKOLOJIA YA UHALIFU NA NJIA ZA KUISOMEA



Ndugu msomaji, sisi wa Mpwapwa na Dodoma kwa ujumla tunalijua jina la Mirembe tangu utotoni. La kusikitisha ni kwamba wengi tunalijua kwa mzaha: mtu akifanya jambo la ajabu, huambiwa apelekwe Mirembe. Ni wachache wanaojua kuwa hospitali hiyo, iliyoanza mwaka 1927, pamoja na Taasisi ya Isanga iliyo chini yake, huzisaidia mahakama kujibu swali zito: je, mtu huyu alipotenda kosa alikuwa na akili timamu? Makala hii inaeleza elimu inayohusika na swali hilo, na jinsi kijana anavyoweza kuisomea.

ELIMU HII NI NINI?

Saikolojia ni elimu ya akili na tabia za mwanadamu. Saikolojia ya uhalifu huchunguza kwa nini mtu hutenda kosa na nini kinaweza kumfanya aache. Saikolojia ya mahakama huitumia elimu hiyo polisi, mahakamani na magerezani: namna ya kumhoji mtoto aliyedhuriwa, kiasi cha kuamini kumbukumbu ya shahidi, na hali ya akili ya mshitakiwa. Baadhi ya vyuo vikuu vya Uingereza hufundisha mambo haya mawili pamoja katika shahada moja.

Tusichanganye watu wawili. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anayetoa dawa. Mwanasaikolojia hatoi dawa. Kazi yake ni mahojiano, vipimo vya akili na ushauri. Mara nyingi hufanya kazi pamoja.

SWALI HILI SI GENI KWETU

Kila mwanafunzi wa madrasa amesoma sharti za mtu kuwa mukallaf: awe baleghe na awe na akili. Tumesoma pia hadithi inayoeleza kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Na katika kisa cha Maiz bin Malik, alipokuja mwenyewe kukiri kosa kubwa, Mtume (s.a.w.) aliuliza kwanza kama ana wazimu. Hakutosheka na maneno ya mtu kabla ya kujua hali ya akili yake. Hata hivyo wanazuoni hawakusema kuwa haki ya aliyedhuriwa imepotea: mwendawazimu akiharibu mali ya mtu, fidia hutoka katika mali yake.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Mwaka 1843 mjini London, mtu aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi na kumuua Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu. Mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Watu walikasirika, na majaji wakaulizwa waweke kanuni iliyo wazi. Kanuni waliyoiweka ilienea katika makoloni ya Waingereza, na athari yake imo katika sheria yetu ya adhabu.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila mtu huhesabiwa ana akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo. Mshitakiwa akidai kuwa alikuwa mgonjwa, mahakama humpeleka hospitali ya magonjwa ya akili, na daktari mkuu wa hospitali hutakiwa kuandika taarifa ndani ya siku 42. Hapo kuna maswali mawili tofauti. La kwanza: je, leo ana akili ya kuifuata kesi yake? La pili: siku ile ya kosa alielewa anachokifanya, na kwamba ni kibaya? Mtu anaweza kuwa mzima leo na alikuwa mgonjwa siku ile. Ikithibitika kuwa alitenda lakini kwa ugonjwa, hahukumiwi kama mhalifu, wala haachiwi hivi hivi. Huwekwa mahali pa matibabu na ulinzi.

Wazazi, hapa pana funzo kubwa. Ikiwa familia ilimficha mgonjwa ndani kwa kuogopa aibu, au ikamzungusha kwa waganga miaka yote bila kumfikisha hospitali, siku ya kesi haitakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliugua. Kadi ya hospitali ni tiba, na siku moja inaweza kuwa ushahidi. Dua na matibabu havigombani.

KUMBUKUMBU YA SHAHIDI

Elimu hii haiishii kwa wagonjwa. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yaliyogongana. Walioulizwa yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa "yalipogusana". Filamu zilikuwa zile zile; lililobadilika ni neno moja tu la swali. Basi shahidi mkweli anaweza kukosea bila kusema uongo, na anayemhoji anaweza kumpotosha bila kukusudia. Ni jambo la kuogopesha pale ambapo uhuru wa mtu umesimama juu ya maneno ya shahidi mmoja.

NJIA ZA KUSOMA

1. Anayetaka kuwa daktari bingwa asome Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha tano na sita, kisha udaktari miaka mitano, mafunzo ya kazi mwaka mmoja, ndipo ubingwa.

2. Anayetaka saikolojia anaweza kuanza hata akiwa na masomo ya sanaa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina masomo ya saikolojia, nacho ni karibu na nyumbani. Asidharau Hisabati, kwani utafiti wa saikolojia ni takwimu, wala Kiingereza, kwani vitabu vingi ni vya lugha hiyo.

3. Njia ya ustawi wa jamii pia ipo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, maafisa wa ustawi huandalia mahakama taarifa za watoto waliokosa.

Kijana asidanganywe na sinema. Shahada ya kwanza pekee haimfanyi mtu mtaalamu wa mahakama, na kazi yenyewe ni kusikiliza mambo mazito na kutunza siri kama amana. Mabinti nao wasijitoe: wapo wanawake na watoto waliodhuriwa ambao ni rahisi zaidi kwao kumweleza mwanamke mwenzao.

Na kwa sisi sote, kazi ya kwanza haihitaji chuo: tuache kulifanya jina la Mirembe kuwa tusi. Anayetibiwa pale ni ndugu wa mtu.

Wabillahi tawfiiq.