Bond Sita, Sauti Moja

Mabishano kuhusu nani alimwigiza James Bond vizuri zaidi hufanywa kana kwamba watu wote waliona sinema ile ile. Mtazamaji wa London alimsikia Sean Connery kwa lafudhi yake ya Kiskoti. Mtazamaji wa Hima, huko Kasese nchini Uganda, aliyetoka zamu ya kiwanda cha saruji na kuingia kibanda cha video, alimsikia VJ. Sauti ya mwigizaji ilikuwa imefifia huko chini, na juu yake mtu wa Kampala anasimulia kwa Kiganda, anamkejeli adui, anamwonya staringi ageuke nyuma haraka. Wakenya wanaye DJ Afro, Watanzania walikuwa na Lufufu. Lugha hubadilika, kazi ni ile ile.

Bond wa kibandani, basi, amenyang'anywa sauti. Mwigizaji akishanyang'anywa sauti hubakiwa na mwili: mwendo, mikono, namna anavyoketi, anavyosubiri. Kwangu mimi hicho ni kipimo kikali kuliko vingi vinavyotumiwa na wahakiki, kwa sababu maneno matamu huandikwa na mwandishi, lakini hakuna mwandishi awezaye kutembea kwa niaba ya mwigizaji.

Wala tusidhani VJ amefanya kufuru. Watengenezaji wa filamu hizi walianza mchezo huo wenyewe. Katika Dr. No ya mwaka 1962, Ursula Andress anatoka baharini akiwa mzuri kupindukia, lakini anayesikika akizungumza ni Nikki van der Zyl. Katika Goldfinger ya 1964, Mjerumani Gert Fröbe alikuwa na Kiingereza cha kubahatisha, kwa hiyo Michael Collins akamsemea. Hata Bond mwenyewe yalimkuta. Mwaka 1969 George Lazenby alipojifanya Sir Hilary Bray katika On Her Majesty's Secret Service, sehemu hiyo ilitiwa sauti ya George Baker, mwigizaji wa huyo Bray halisi.

Sasa tuwapime. Connery alipata kazi hii kwa miguu yake. Watayarishaji Albert Broccoli na Harry Saltzman walimtazama kutoka dirishani akiondoka ofisini kwao, wakapenda jinsi mtu mkubwa vile alivyotembea kwa wepesi. Haikuwa bahati tu. Kijana huyo wa Edinburgh, aliyewahi kusambaza maziwa na kushindana katika utunishaji misuli, alikuwa amesomea mwendo wa jukwaani kwa Yat Malmgren, mcheza dansi wa Kiswidi. Mwangalie anavyoingia katika chumba cha hoteli na kukikagua: hafanyi haraka, hagusi kitu mara mbili. Zima sauti kabisa na bado utajua kwamba mtu huyu ni hatari na kwamba anaifurahia hatari yenyewe.

Roger Moore ndiye anayeumia zaidi mikononi mwa VJ, nami nasema hivyo kwa huruma, maana nampenda. Bond wake anaishi mdomoni na kwenye unyusi. Moore mwenyewe alikuwa akijitania kwamba uigizaji wake ni kupandisha unyusi mmoja, kisha wa pili. Ule utani wa kiungwana, anaoutoa kwa sauti ya chini wakati adui anazama, VJ akiupita umekwisha. Na ukiuondoa, unabaki na mwili ambao mara nyingi si wake. Katika Live and Let Die ya 1973 Bond anawakanyaga mamba migongoni mpaka ukingoni mwa bwawa; aliyewakanyaga ni Ross Kananga, mwenye shamba lile la mamba huko Jamaika, na alirudia mara tano. Katika The Spy Who Loved Me ya 1977, anayeruka na skii kutoka kwenye jabali na kufungua mwavuli ni Rick Sylvester. Kufikia A View to a Kill, mwaka 1985, Moore alikuwa na miaka 57. Kibandani hayo hayakumpunguzia sifa, kwani wasiomsikia walimhesabia mamba wote kuwa wake.

Lazenby alikuwa mwanamitindo wa Australia, akafanya filamu moja tu ya Bond. Anapigana vizuri, ila akisimama bila kazi hajui mikono aiweke wapi. Timothy Dalton, wa 1987 na 1989, ni mtu wa jukwaa la tamthilia, na hasira yake iko machoni. Hasira ya machoni inataka skrini kubwa na safi. Televisheni ya kibanda, tena kwa kanda iliyonakiliwa na kunakiliwa tena, iliimeza. Pierce Brosnan alijitafutia ishara moja akaitumia vilivyo: anaendesha kifaru katikati ya St Petersburg katika GoldenEye ya 1995, kuta zinabomoka, naye anaweka tai sawa. Miaka minne baadaye aliiweka sawa akiwa ndani ya maji.

Daniel Craig alikuja na Casino Royale ya 2006, na huku kwetu filamu hiyo ilichekesha mapema. Maandishi kwenye skrini yanasema Mbale, Uganda, halafu tunaoneshwa msitu, mvua na kambi ya wapiganaji. Mbale ni mji, uko chini ya Mlima Elgon, na mtu wa Kasese huhitaji kuvuka nchi nzima kuufikia. Tuyaache hayo. Mtazame Craig anapomfukuza adui anayeigizwa na Sébastien Foucan: Foucan anapenya juu ya ukuta kama paka, Craig anapita katikati ya ukuta. (Ulikuwa wa ubao mwepesi, bila shaka, wa saruji ya Hima ungemrudisha.) Hapo umeshaelezwa tabia ya mtu bila neno hata moja.

Baadaye Obanno, yule kiongozi wa wapiganaji anayeigizwa na Isaach de Bankolé wa Côte d'Ivoire, anapambana na Bond kwenye ngazi za hoteli mpaka anakabwa roho. Kisha Bond anabaki peke yake mbele ya kioo, shati lina damu, anajimiminia pombe, anavuta pumzi. VJ hana cha kutafsiri pale. Anaweza kunyamaza au kutunga, lakini mabega ya Craig yameshasema kwamba kuua kunachosha. Connery hakuwahi kuonesha uchovu huo, wala hakuombwa auoneshe.

Pamoja na hayo, kipimo changu kinamkwama Craig huyo huyo katika No Time to Die ya 2021. Bond anakufa, kinyume cha sheria ya kibanda kwamba staringi hafi, na kwaheri yake ni mazungumzo kwa redio na mwanamke anayempenda. Makombora yanakuja, yeye amesimama tu. Mwili hauna kazi, kila kitu kiko katika sauti, na sauti hiyo mtazamaji wa Hima hakuisikia. Hapo VJ ndiye mwigizaji, na kifo kinakuwa kizuri au kibaya kwa kadiri ya ustadi wake.

Mwaka 2025 Amazon walishika usukani wa filamu hizi na kumkabidhi mwongozaji Denis Villeneuve ile ijayo. Wakiniuliza, ningewafanyia usaili waigizaji bila kuwasikiliza: wapande ngazi, wavue koti, waketi wamsubiri mtu asiyekuja.