Kiingereza cha Kasindi hakitoshi kwa mtihani wa IELTS

Wauguzi, wainjinia na wafanyakazi wengine wa Butembo na Beni wanaotafuta masomo ao kazi ng'ambo wanaombwa mara mingi alama za IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza. Wengi walisoma kwa Kifaransa. Kiingereza walikizoea mpakani Kasindi ao Kampala, katika biashara.

Hicho kinasaidia kusema, lakini kusema ni dakika 11 mpaka 14 tu. Kusoma ni maulizo 40 kwa dakika 60. Katika kusikiliza, sauti inapita mara moja. Kuandika ni dakika 60 kwa maandishi 2: la maneno 150 na la maneno 250. Ndiyo maana mwenye kusema muzuri sokoni anaweza kuanguka kwenye karatasi: saa inaisha mbele amalize.

Basi, kabla ya kulipa, jipime nyumbani. Andika maneno 250 kwa dakika 40, saa iko mbele yako, kisha umuonyeshe mwalimu wa Kiingereza. Rudilia mpaka muda utoshe. Tena usiharakishe kama dosie ingali mbali: alama zinakubaliwa kwa miaka 2, kisha ni kulipa upya.