Kitabu cha maarifa nacho huisha muda wake

Kitabu cha afya kilichochapishwa mwaka 1995 kinaweza kuwa kizima kabisa hadi leo. Jalada halijachanika, kurasa zote zimo, Kiswahili chake kinasomeka vizuri. Tatizo liko kwenye ukurasa wa malaria, pale kinapomwelekeza mama mwenye mtoto mwenye homa atafute klorokwini. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, baada ya vimelea kuizoea, ikaweka SP, ile ambayo wengi waliiita fansida. SP nayo haikudumu. Mwaka 2006 nafasi yake ilipewa dawa mseto, na ndiyo ambayo mgonjwa huandikiwa zahanati hadi sasa. Kitabu kile, pale rafuni, hakijui lolote kati ya hayo. Na msomaji anayekiazima hajui kwamba kitabu hakijui.

Ndiyo maana katoni ya vitabu vipya inapofika kwenye maktaba ya wilaya ya pembezoni, jambo hilo lina uzito kuliko linavyochukuliwa, hasa vikiwa vitabu vya maarifa: kilimo, mifugo, afya, sheria, biashara, jiografia, historia na wasifu. Riwaya ikichelewa njiani miaka ishirini, msomaji hajapungukiwa na kitu. Kusadikika ya Shaaban Robert ni ya mwaka 1951, na wanaoisoma leo hawahitaji kuonywa chochote. Kitabu cha maarifa ni kama dawa: kina tarehe ya kuisha muda, ila hakuna aliyeichapa kwenye boksi. Kuitafuta tarehe hiyo ni kazi ya mkutubi, na mara nyingi ni kazi ya msomaji mwenyewe.

Katoni inapofunguliwa

Kupokea vitabu kuna utaratibu wake. Mkutubi huvihesabu na kuvilinganisha na orodha iliyokuja navyo, kisha huviingiza kimoja kimoja kwenye rejista: namba ya kuingilia, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, kilikotoka, na bei kama kilinunuliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya hapo muhuri wa maktaba hugongwa kwenye kurasa zilizochaguliwa, karatasi ya tarehe za kurudisha hubandikwa ndani ya jalada, na lebo yenye namba ya mada hubandikwa mgongoni.

Namba hiyo ya mgongoni hutokana na mfumo alioutangaza Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, unaogawa maarifa yote katika mafungu kumi. Anayezoea maktaba huishia kuzijua namba zake kama anavyojua njia za kijijini kwao. Mahindi yako 633.15, kuku 636.5, nyuki 638.1. Sheria huanzia 340. Historia ya Tanzania iko 967.8. Mtu akishajua namba moja inayomhusu, haulizi tena. Anaingia, anakwenda moja kwa moja kwenye rafu yake.

Katika rejista ile, safu ya mwaka ndiyo nyembamba kuliko nyingine, nayo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Mwaka wenyewe hauandikwi jaladani. Uko kwenye ukurasa wa haki za mchapishaji, nyuma ya ule wenye jina la kitabu, kwa herufi ndogo. Hapo kuna mtego. Kitabu kinaweza kusema: chapa ya kwanza 1988, chapa ya tano 2015. Asiye mzoefu huona 2015 akaridhika. Lakini chapa mpya maana yake ni kwamba mitambo imewashwa tena. Maneno ni yaleyale ya 1988. Kitabu kilichopitiwa upya hujitangaza chenyewe: toleo la pili, toleo lililorekebishwa. Kati ya chapa ya tano na toleo la pili kuna tofauti ya kitabu kilichorudiwa na kitabu kilichofikiriwa upya.

Rafu ambazo haziwezi kungoja

Afya si rafu pekee inayochakaa hivyo. Kwenye kilimo, chukua kitabu chochote cha mahindi kilichoandikwa kabla ya mwaka 2016. Kitaeleza bungua, kitaeleza viwavijeshi wa siku zote, wanaokuja kwa makundi na kupita. Hakitataja viwavijeshi vamizi, waliotoka mabara ya Amerika, wakagunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka uliofuata. Hawa hujificha ndani ya moyo wa mmea, na dawa inayopuliziwa juu ya majani tu inaweza isiwafikie. Mkulima anayefuata kitabu cha zamani atamwaga fedha duka la pembejeo na bado mdudu atamwacha na mabua.

Kwenye sheria hali ni nzito zaidi, maana ardhi ndiyo kesi ya kijiji. Kitabu kilichotangulia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, hakitamweleza mama mjane kwamba sheria hiyo inatamka wazi haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Hakitamweleza mtu yeyote kuhusu hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa na kijiji. Na hata kitabu kilichoandikwa baada ya hapo, tuseme mwaka 2010, kitakuambia kwamba Baraza la Kata linaweza kuamua mgogoro wa shamba. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa: baraza hilo sasa linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu aliyesoma kitabu cha 2010 ataketi akingoja hukumu mahali ambapo hukumu haitolewi.

Jiografia nayo ina yake. Ramani ya Tanzania isiyokuwa na Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni ya kabla ya mwaka 2012. Kama haina Songwe, ni ya kabla ya 2016. Atlasi isiyoonyesha Sudan Kusini imepitwa tangu 2011. Mwanafunzi wa Vwawa, Songwe, anayefungua atlasi na kujikuta bado yuko mkoani Mbeya hapati hasara ya maisha, lakini anajifunza jambo baya: kwamba vitabu ni vya watu wengine na wakati mwingine.

Historia na wasifu ndizo zinazodumu zaidi, kwa sababu mtu aliyesimulia maisha yake amekwisha simulia. Wasifu wa Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert hauhitaji toleo lililorekebishwa. Hata hivyo rafu hiyo nayo inahitaji wageni. Mei 2021 Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alizindua kitabu chake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kilichotolewa na Mkuki na Nyota. Aliamua kukiandika kwa Kiswahili. Mrithi wake, Benjamin Mkapa, aliandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza, zikatoka mwaka 2019. Vyote viwili ni vitabu vya kuwa navyo, lakini kwenye maktaba ya wilaya ambako wasomaji wengi watu wazima waliishia darasa la saba, wakifundishwa kwa Kiswahili, ni kimoja tu kitakachotoka mlangoni mara kwa mara.

Tulishawahi kuweza

Nchi hii haianzi sifuri. Sheria ya kwanza ya Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru wa Tanganyika. Desemba 9, 1967, Mwalimu Julius Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kusoma na kuandika iliposhika kasi ikaonekana kwamba mtu akishajua kusoma anahitaji kitu cha kusoma, la sivyo atasahau. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijiji.

Mfano wa kukumbukwa zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu kilichoandikwa kwa ajili yao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vinavyofuga mbu. Kijitabu kile kilikuwa na mambo matatu ambayo katoni nyingi za leo hazina yote kwa pamoja: kiliandikwa mwaka uleule uliokihitaji, kwa lugha ya wanaokisoma, na kilifika.

Baadaye fedha za umma zilipopungua, vitabu vya msaada vikawa vingi kuliko vya kununua. Shirika la Uingereza la Book Aid International, ambalo mizizi yake ni kazi aliyoianza Lady Ranfurly mwaka 1954 ya kukusanya vitabu vilivyokwisha kusomwa, limekuwa likituma vitabu kwenye maktaba za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Siku hizi hutuma vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji. Mabadiliko hayo yanafaa kusifiwa, maana si kila mtoaji ameyafuata. Wapo bado wanaosafisha ghala zao na kuita usafi huo zawadi.

Lakini hata kitabu kipya cha msaada kina mpaka wake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya msomaji wa kule. Kitabu cha bustani kitafundisha kukinga miche na theluji. Kitabu cha sheria kitaeleza mahakama za London. Mwanafunzi wa sekondari atafaidi fizikia na baiolojia, na hilo ni jambo kubwa, lakini mama mwenye kuku hamsini wanaokufa kwa kideri hatapata jibu humo.

Ujasiri wa kuondoa

Huko Garissa nchini Kenya, Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa lilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa kutumia ngamia. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Msafara wa namna hiyo una adabu ambayo jengo la matofali halina: nafasi ni finyu, kwa hiyo kila kitabu kinachopakiwa kimechukua nafasi ya kingine kilichoachwa. Maktaba yenye rafu tupu nyingi haioni haja ya kuchagua. Inaacha kila kilichokuja kikae, na kila mwaka kitabu cha klorokwini kinapata nafasi sawa na cha dawa mseto.

Wakutubi wana sababu za kuogopa kuondoa. Kitabu ni mali ya umma, kina namba kwenye rejista, na mkaguzi akija ataulizia. Rafu iliyojaa humpendeza mgeni wa heshima, na iliyo na mapengo huonekana kama uzembe. Kisha kuna mazoea yetu ya kusema ya kale ni dhahabu. Kwenye fungu la 800, lenye fasihi, ni dhahabu kweli. Kwenye 616, yalipo magonjwa, ya kale yanaweza kuwa sumu. Kitabu kilichopitwa na wakati hakipotei kwa kuondolewa rafuni wilayani, kwa sababu sheria inawataka wachapishaji wa nchini kupeleka nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na mtafiti wa historia ya tiba atakikuta huko. Pale kijijini, kinachotakiwa ni jibu la leo.

Wengine watauliza: si kuna simu? Ipo, na imesaidia. Lakini ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hauna mwaka, hauna mwandishi, na haujulikani umetoka kwa nani. Kitabu kizuri kinakuambia nani amesema, lini, na ukitaka kumbishia unajua pa kuanzia. Msomaji aliyezoeshwa kufunua ukurasa wa haki za mchapishaji kabla ya kuamini atauliza maswali yaleyale atakapoletewa ujumbe wa simu.

Tatizo lililo gumu kuliko yote haliko kwenye maktaba. Hata halmashauri ikitenga fedha kesho, mkutubi akipewa ruhusa ya kununua, atanunua nini? Vitabu vipya vya maarifa kwa Kiswahili ni vichache, na wachapishaji hukimbilia vya kiada kwa sababu ndivyo vyenye soko la uhakika. Wanaojua mambo mapya wapo: kituo cha utafiti cha Naliendele kinatafiti korosho, vituo vya Uyole, Selian na Tengeru vina mazao yao, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuna walimu wanaojua kideri kinavyozuiwa. Wanachogundua huandikwa kwa Kiingereza kwenye majarida ya kitaaluma, kwa sababu hayo ndiyo yanayowapandisha vyeo. Kijitabu cha kurasa arobaini kwa mkulima wa Newala hakihesabiki pale mtafiti anapoomba kupanda daraja. Kingehesabika, vingeandikwa vingi, na halmashauri zingekuwa na kitu cha kununua. Utafiti uliolipiwa kwa kodi ya mkulima haujakamilika mpaka umrudie kwa lugha yake, na mwaka wake ukionekana wazi ili ajue lini auache.